Mtetemo wa Nyayo na Uthabiti wa Mwili kwa Vijana Wenye Afya: Mazingatio kwa Utafiti wa Mwanza

Mwili wa binadamu aliyesimama hautulii kabisa. Hata anayedhani amesimama wima huyumba kidogo mbele na nyuma, na misuli ya miguu humrekebisha bila yeye kujua. Taarifa za kumrekebisha hutoka katika macho, sikio la ndani, misuli na viungo, na katika ngozi ya wayo. Makala haya yanashughulikia chanzo hicho cha mwisho. Hoja yake ni kwamba mtetemo wa nyayo usichukuliwe kuwa tiba yenye athari moja. Mtetemo ni taarifa, na athari yake hutegemea nguvu yake, mahali unapowekwa na mtu anayeupokea.

Ngozi ya wayo ina vihisi vya aina nne. Vihisi vya Pacini huitikia zaidi mitetemo ya kasi, takriban 250 kwa sekunde. Vya Meissner huitikia ile ya kasi ndogo. Vya Merkel na Ruffini hupokea mgandamizo na mvutano wa ngozi. Mtetemo mkali huweza kuuhadaa ubongo. Mwaka 1998, Anne Kavounoudias na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba sehemu ya mbele ya nyayo ikitetemeshwa, mtu aliyefumba macho huegemea nyuma, kwa kuwa ubongo hudhani uzito umehamia mbele. Visigino vikitetemeshwa, huegemea mbele. Kwa hiyo ripoti inayosema tu kwamba “nyayo zilitetemeshwa” haimsaidii mtafiti mwingine.

Mtetemo dhaifu hufanya kazi kwa njia tofauti. Mwaka 2003, Attila Priplata na wenzake nchini Marekani waliwasimamisha vijana 15 na wazee 12 juu ya soli za jeli zilizotoa mitetemo isiyo na mpangilio, chini ya kiwango ambacho mtu angeihisi. Kuyumba kulipungua, na kulipungua zaidi kwa wazee. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ishara hafifu ya mgandamizo, ambayo peke yake isingekiamsha kihisi, huvuka kizingiti inapoongezewa mtetemo mdogo. Kijana mwenye afya hana pengo kubwa la kuzibwa.

Hapo ndipo mtafiti wa Mwanza anapopaswa kuwa makini. Mwanafunzi akipimwa akiwa amefumbua macho, miguu miwili juu ya sakafu ngumu, huenda tofauti isionekane kabisa. Kuhitimisha kwamba mtetemo haufai kungekuwa pupa. Kipimo sharti kimtie mashakani kidogo: macho yafumbwe, asimame juu ya sponji au kwa mguu mmoja. Aidha, soli zisizowashwa zitumike kwa kulinganisha, kwa mpangilio wa kubahatisha, bila mshiriki kujua.

Suala la viatu nalo halipuuziki. Vijana wanaobeba mizigo katika mwalo wa Kirumba, au wanaosukuma mitumbwi kati ya mawe ya ufukwe wa Ziwa Victoria, hawana nyayo sawa na za wenzao wanaoshinda madarasani wakiwa wamevaa viatu. Ingedhaniwa kwamba sugu hufifisha hisia. Utafiti wa Nicholas Holowka na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watu wa Kenya na Marekani, ulionyesha vingine: wanaotembea peku walikuwa na sugu nene zaidi, lakini unene huo haukupunguza uwezo wa kuhisi mtetemo. Sugu si ugonjwa, wala si sababu ya kumwengua mshiriki. Hata hivyo, mazoea ya kutembea peku yarekodiwe, kama vile umri na uzito.

Thamani ya vipimo hivi imo pia nje ya maabara. Kisukari huweza kuharibu neva za miguu, na mgonjwa akapoteza hisia za nyayo pamoja na uthabiti. Kliniki huchunguza hali hiyo kwa chuma chenye ncha mbili kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, inahudumia watu wa mjini na wa visiwani, wavaa viatu na wasiovaa. Ili mtetemo ujaribiwe kwa wagonjwa hao, kiwango cha kawaida cha vijana wa eneo hilohilo kinahitajika kwanza, kizingiti cha kila mshiriki kikiwa kimepimwa kabla ya soli kuwashwa.