Kwa Nini Wengine Hukoroma Usingizini

Mkoromo ni sauti ya nyama laini za koo zinazotikiswa na hewa mtu anapopumua akiwa amelala. Nyama hizo ni kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma ya kaakaa isiyo na mfupa, kimio kinachoning'inia mwisho wake, shina la ulimi, na kuta za koo lenyewe. Mtu akiwa macho, misuli ya koo hukaza na kuiacha njia ya hewa wazi. Usingizi ukimchukua, misuli hulegea na njia husinyaa. Hewa inayopenya hapo huongeza kasi, na nyama zilizolegea hupigapiga kama tanga lisilokazwa.

Koo hulegea kwa kila anayelala. Tofauti ya watu iko katika upana wa njia na kiwango cha ulegevu. Mwenye taya la chini dogo au lililorudi nyuma, ulimi mnene au kimio kirefu huwa na nafasi finyu tangu kuzaliwa, na kwa kuwa maumbile hurithiwa, mkoromo huonekana sana katika baadhi ya familia. Unene nao huchangia, kwa sababu mafuta ya shingoni hulibana koo. Mzingo wa shingo unaozidi sentimita 43 kwa mwanamume, au 41 kwa mwanamke, huongeza uwezekano wa kukoroma. Hata hivyo, wembamba pia hukoroma.

Wanaume hukoroma zaidi ya wanawake, lakini pengo hilo hupungua baada ya mwanamke kukoma hedhi. Wajawazito wengi huanza kukoroma kwa kuwa utando wa pua huvimba. Kwa watoto, sababu ya kawaida ni mafindofindo yaliyokua kupita kiasi.

Yapo pia mambo yanayomfanya mtu akorome usiku mmoja na kulala kimya usiku mwingine. Akilala chali, ulimi hurudi nyuma. Pombe na dawa za usingizi huzidisha ulegevu. Mafua na mzio huziba pua, na moshi wa sigara huvimbisha koo.

Wengi huuchukulia mkoromo kuwa dalili ya usingizi mnono, na hapo ndipo hatari inapojificha. Kwa baadhi ya watu, koo hujifunga kabisa na pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kila saa, mpaka mwili ushtuke kuitafuta hewa. Mtu huyo huamka amechoka, kichwa kinamuuma, na mchana husinzia hata akiwa kwenye usukani. Asipotibiwa, huwa katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi.

Mkoromo wa kawaida mara nyingi hupungua kwa kulala ubavu, kupunguza uzito, kuacha pombe na sigara, na kutibu pua. Anayekatika pumzi anahitaji daktari. Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Australia walieleza mashine inayosukuma hewa kupitia puani ili koo lisijifunge, na hadi leo ndiyo tiba kuu. Kwa watoto, upasuaji wa kuondoa mafindofindo husaidia wengi.

Mara nyingi anayekoroma hausikii mkoromo wake mwenyewe. Anayelala naye chumba kimoja akisikia pumzi zinakatika, amweleze asubuhi na kumhimiza aende hospitali.