Msafara wa Pikipiki wa Kuwaenzi Wanajeshi: Familia Zijue Haya

Kila Oktoba 14 ni Siku ya KDF, kukumbuka jinsi majeshi ya Kenya yalivyoingia Somalia mwaka 2011. Wapo ambao hawakurudi. Familia ya Nyamasaria inayotaka kuwaenzi kwa msafara wa bodaboda inaruhusiwa, mradi ifuate sheria.

Mwandalizi amwarifu mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi, kati ya siku 3 na 14 kabla, akieleza jina, anwani, tarehe, saa na njia. Msafara ufanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Kila pikipiki ibebe abiria mmoja tu, wote wakivaa helmeti na jaketi la kung'aa. Barabara ya Nairobi ina malori mengi. Msafara wa kuwakumbuka marehemu usilete matanga mengine.