Kishikwambi au Kitabu cha Karatasi: Kipi Kimfaacho Mtoto Anayesoma kwa Shida?

Mtoto asomaye kwa shida huitwa mvivu upesi, na asiposaidiwa mapema hubaki nyuma katika masomo yote. Wazazi na walezi wengi hujiuliza: je, apewe kitabu cha karatasi au cha kwenye kishikwambi? Yatupasa kwanza kutambua amekwama wapi, kwa maana kusoma kuna hatua mbili: kuunganisha herufi na silabi hadi ziwe neno, kisha kuelewa yale ambayo maneno yanasimulia.

Katika hatua ya kwanza, kishikwambi chaweza kuwa msaada wa kweli. Mtoto hugusa silabi, huisikia ikitamkwa, naye huirudia apendavyo bila kuchekwa na wenzake. Mkoani Tanga, kwa muda wa miezi 15, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170, miongoni mwa watoto ambao wengi wao hawakuweza kusoma hata neno moja. Wengi walipiga hatua, na mwaka 2019 onebillion na Kitkit School waligawana tuzo. Hata hivyo, vifaa havikujitunza vyenyewe: akina mama wa vijijini walisimamia vituo vya kuvichaji kwa umeme wa jua.

Katika hatua ya pili, karatasi ina nguvu yake. Mwaka 2021, Furenes, Kucirkova na Bus walichambua tafiti 39 kuhusu watoto wadogo. Waliona kwamba hadithi ileile hueleweka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko inapohamishiwa tu kwenye kioo. Nyongeza zinazofafanua kisa chenyewe zaweza kukipa kifaa ubora. Bali kamusi ya ndani, ingawa huongeza msamiati, haikusaidia kuelewa hadithi.

Basi, tumpe mtoto ukurasa mmoja mfupi, asome kwa sauti, kisha atusimulie alichosoma. Akikwama kwenye silabi, programu nzuri yenye sauti itamfaa, hata dakika chache kila siku. Akisoma bila kukwama lakini asiweze kusimulia, tumpe kitabu cha karatasi, tusome pamoja naye na kumwuliza: nani amefanya nini, na kwa nini?

Asiye na kishikwambi nyumbani asikate tamaa. Sauti ya mzazi, kaka au dada yaweza kutamka silabi vilevile, tena humpa mtoto kile ambacho kifaa hakina: mtu wa kufurahi pamoja naye anapomaliza ukurasa.