Muuguzi mmoja, kijiji kizima

Nataka nikueleze habari ya usiku mmoja wa masika hapa Masama.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu jioni. Saa saba usiku jirani yangu alinigongea mlango. Mke wa mwanawe alikuwa ameshikwa na uchungu. Tulipata gari dogo la mizigo, tukateremka polepole, maana udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Mama mkwe alikaa nyuma, amemshika binti mabega.

Tulipofika zahanati umeme ulikuwa umekatika. Tuliona mwanga wa tochi dirishani. Tukabisha hodi, hakuna aliyejibu. Tukabisha tena. Mama mkwe akaanza kufoka. Akasema wauguzi wa siku hizi wanalala huku watu wanakufa.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alikuwa amesimama pale, aproni yake ina damu. Akasema, "Shikamoo mama. Yuko mwenzake ndani, mtoto ndiyo anatoka. Mimi niko peke yangu. Mleteni kitanda cha pili, na wewe mama unishikie tochi."

Watoto wawili walizaliwa usiku ule. Saa mbili asubuhi, tulipokuwa tunaondoka, akina mama wa kliniki walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye benchi. Muuguzi yule yule akanawa uso, akatundika mizani, akaanza kupima watoto.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni migomba na kahawa, siyo sindano. Lakini taabu ya mtu mmoja kuhudumia watu wengi naijua. Tena yangu ni nafuu. Mgomba unaweza kungoja hadi kesho. Uchungu haungoji.

Je, unajua kazi ya muuguzi wa zahanati? Anapima watoto na kuwachanja. Anaosha vidonda na kuvifunga. Anachoma sindano. Anapima wajawazito. Anazalisha. Asubuhi na jioni anasoma joto la jokofu la chanjo, kwa sababu chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Na wewe ukishakwenda nyumbani, yeye anabaki kujaza vitabu vya MTUHA, yaani hesabu ya wagonjwa na magonjwa yao. Asipojaza, wilaya haitajua dawa gani zinahitajika.

Kwa nini wauguzi ni wachache? Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kujenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi tulijitolea mawe, mchanga na nguvu zetu. Majengo yaliongezeka, ikawa ni jambo zuri. Lakini jengo hujengwa kwa miezi michache. Muuguzi wa cheti husoma miaka 2, na wa stashahada miaka 3. Akimaliza, lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kisha angoje nafasi ya ajira, na nafasi hutegemea fedha. Hapa kwetu vyuo haviko mbali. Kuna KCMC, kuna Machame, kuna Kibosho. Hata hivyo wapo vijana wenye vyeti vya uuguzi ambao wako nyumbani wanangoja kuajiriwa, na huku zahanati ina mtu mmoja. Jambo hili linaniumiza sana.

Si kwetu tu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu. Dunia ilikuwa na wauguzi karibu milioni 28, na ilipungukiwa na karibu milioni 6. Upungufu mkubwa ulikuwa katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu.

Kuna hatari pia. Muuguzi akijichoma na sindano iliyotumika anaweza kupata virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ipo, lakini lazima aanze kuimeza mapema, kabla ya saa 72 kupita. Kwa hiyo akikuambia umshike mtoto vizuri asirukeruke, usidhani ni ukali. Mtoto akirusha mkono, sindano hiyo inaweza kumchoma yeye au wewe.

Sisemi kwamba wauguzi wote ni wema. Wapo wenye lugha mbaya, na mama mwenye uchungu hasahau neno alilotukanwa. Wapo wanaotaka chochote mkononi. Mtu kama huyo usimpe, wala usigombane naye barazani. Peleka habari kwa kamati ya zahanati. Wajumbe wa kamati ni wananchi wenzako, na fedha za zahanati zinazoingia benki wao ndio wanaosimamia matumizi yake. Una haki ya kuwauliza. Lakini dawa zikiisha, usimtukane muuguzi. Yeye huagiza dawa, hazitengenezi.

Sasa nirudi kwa muuguzi wetu. Miezi michache baada ya usiku ule tulisikia kwamba ameomba uhamisho. Wengi walisema ametuchoka. Mwenyekiti akamwita mkutanoni aulizwe. Alijibu kwa upole. Alisema kazi anaipenda, ila hana nyumba. Amepanga chumba huko chini, na akiitwa usiku anatembea saa nzima peke yake gizani. Mara mbili alifika akakuta mtoto ameshazaliwa mlangoni.

Watu wakanyamaza. Kisha akasimama mama mkwe yule yule aliyefoka. Akasema, "Mimi nilimtukana huyu binti, naye akaniamkia. Mjukuu wangu sasa anatambaa. Mimi natoa mkungu wa ndizi kila wiki kwa mafundi."

Wengine wakafuata. Mmoja alitoa mawe, mwingine mbao, vijana wakatoa siku mbili za kila wiki. Kamati ikaandika barua kwa halmashauri kuomba saruji.

Nyumba ya muuguzi sasa imefika kwenye lenta. Mabati bado. Tulimwomba asiondoke, naye amekubali kungoja mpaka mvua za vuli.