Zamu ya Ngoma Isivunjike: Mafunzo ya Watu Wazima Katika Nchi ya Mto Tana

Kuwafundisha ngoma watoto wa shule si kazi ngumu sana, kwa kuwa kengele ikilia wote huwapo. Kuwafundisha watu wazima ni jambo jingine. Mtu mzima ana shamba, ana mifugo, ana wagonjwa wa kuwaangalia na jamaa wa kuwazika. Ndiyo sababu vikundi vingi vya ngoma huanzishwa kwa shangwe, na baada ya miezi michache havisikiki tena. Katika nchi ya Mto Tana, hasa kandokando ya Garsen, shida hii ni kubwa zaidi, na wanaotaka kuishinda yawapasa kwanza kuyajua majira ya mto wao.

MTO NDIO KALENDA

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Garissa, Hola na Garsen, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvua inyeshapo huko juu, mto huweza kufurika huku chini hata kama mbingu za Garsen ni kavu. Kwa kawaida maji hujaa mara mbili kwa mwaka: kati ya Aprili na Juni, na tena Novemba na Desemba. Wapokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi kwa kuyafuata maji hayo. Mpunga ukitoa masuke, kazi ya kuamia ndege huchukua mchana kutwa. Waorma nao huhamisha ng'ombe wao kufuata malisho, na kiangazi kikikaza huwateremsha deltani.

Basi kikundi kikiandika kwamba mazoezi yatakuwa kila Jumamosi mwaka mzima, kimetoa ahadi kisichoweza kuitimiza. Afadhali kupanga vipindi viwili vifupi vya mafunzo baada ya mavuno, na kila kipindi kinapofungwa, siku ya kufungua tena itangazwe mbele ya watu wote. Mafunzo yaliyofungwa kwa tarehe inayojulikana hufunguka. Yaliyoachwa kimyakimya hufa.

SIKU NA SAA

Garsen ni mji wa Waislamu na Wakristo pamoja. Anayechagua siku ya mazoezi hana budi kuiheshimu Ijumaa na Jumapili, wala asiisahau siku ya soko. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka uliopita haifai kunakiliwa tu.

Saa iliyowekwa ikifika, ngoma ilie, hata wakiwapo watu watano. Waliowahi wakingojeshwa kwa ajili ya waliochelewa, juma lifuatalo watachelewa wote. Tena isitegemewe mikono ya mpigaji mmoja; awepo wa pili anayefundishwa, ili wa kwanza akiugua watu wasirudishwe nyumbani. Daftari la mahudhurio nalo lina kazi yake: mtu aliyekosa mara mbili atembelewe, aulizwe hali, asikaripiwe. Madarasa ya ngumbaru, yaliyoenea Kenya baada ya Idara ya Elimu ya Watu Wazima kuundwa mwaka 1979, yalikuwa na shida iyo hiyo, maana wanafunzi wake walikuwa wakulima na akina mama wenye kazi nyingi.

SHIDA ZISIZOPANGIKA

Yapo mambo yasiyoshindwa kwa daftari. Mafuriko ya 1997, ya 2018, na ya 2023 na 2024 yaliwaondoa watu wengi makwao. Kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, mapigano baina ya wakulima na wafugaji wa delta yaliua watu zaidi ya mia moja, na Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Wakati kama huo hakuna awezaye kukusanya watu kucheza. Lakini hali ikitulia, kikundi chenye orodha ya watu wake, na kiongozi anayejua kila mmoja amehamia wapi, huweza kuanza tena.

KWA NINI KUJISUMBUA

Ngadji, ngoma kuu takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni, na tangu 1908 imo mikononi mwa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kitu cha mti na ngozi huweza kuwekwa ghalani miaka mia na zaidi. Hatua za mwaribe na kitoko haziwekwi ghalani. Makao yake ni miguu ya watu, na wazee wanaozijua hupungua kila mwaka.

Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, sauti yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, ulioletwa na Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River. Ulipatikana kwa sababu akina mama walikuwa hawajaacha kuuimba. Anayekosa zoezi leo kwa sababu ndogo, na kesho kwa sababu ndogo nyingine, na akumbuke usemi wa wazee: bandu bandu huisha gogo.