Sumaku haitoshi: stenlesi ipi yahimili chumvi ya pwani?

Waumini wa msikiti wetu, ulio hatua chache kutoka baharini, walichanga pesa ngazi za kuendea mahali pa udhu ziwekwe reli za stenlesi, wazee wapate pa kujishikia. Haikutimia miezi minane, reli zikatoka madoa ya kahawia. Mzee mmoja aliingia kwenye swafu na kanzu yenye alama ya kutu. Maneno yakaanza: fundi amekula sadaka.

Fundi akaja na sumaku. Akaiweka kwenye reli, haikushika. "Hii ni stenlesi halisi," akasema. Na alisema kweli.

Wengi wetu hatujui kwamba stenlesi si chuma kimoja, ni ukoo mzima. Kinachouunganisha ni kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hushikana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Adui yake ni kloridi, iliyo ndani ya chumvi ya bahari. Hiyo huutoboa utando mahali padogo, kisha kutu ikachimba ndani kwa ndani.

Visu vingi vya jikoni ni wa jamii ya martensitiki: vigumu, hushika makali, lakini ukiviacha na maji hutoka madoa. Feritiki, kama namba 430, ina kromiamu asilimia 16 hadi 18 na nikeli ni kama haimo. Hizi mbili hushikwa na sumaku, na bado ni stenlesi.

Jamii ya ostenitiki kwa kawaida haishikwi, na hapo ndipo tunaponaswa. Namba 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8. Ndiyo ya masinki mengi. Namba 201 ni nduguye wa bei nafuu. Nikeli ni ghali, basi sehemu yake kubwa imeondolewa ikatiwa manganizi. Kwa macho na kwa sumaku huwezi kuzitofautisha, ila chumvi inazijua. Namba 316 imeongezwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo huzuia vile vitundu vya kloridi. Iko pia dupleksi, kama 2205, yenye nguvu zaidi, inayotumika hata kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Kwa reli ya ngazi ni kupita kiasi.

Tulipoitazama risiti ya dukani, ilikuwa imeandikwa 201. Hakuna aliyekuwa ameisoma, mimi nikiwa mmoja wao.

Kwa hivyo agiza kwa namba, na namba iandikwe kwenye makadirio na kwenye risiti. Nje, karibu na bahari, mimi ningeomba 316. Hata hiyo huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa sehemu zilizojificha chini ya paa ambazo mvua haizifikii. Usisugue kwa waya wa chuma. Huacha chembe zinazoshika kutu. Dawa za klorini pia ziepuke. Mahali palipochomelewa pakibaki na rangi ya moto, fundi apasafishe kabla hujamlipa.

Kamati imeamua reli zinazotazama bahari zibadilishwe ziwe 316, za ndani zisafishwe na kuangaliwa. Fundi ameombwa radhi, na kazi amepewa yeye.