Shahidi Mmoja Aliyepita Milango Mitatu

Somo letu ni Kumbukumbu la Torati 19:15, ambapo Torati inakataza mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja tu.

Wazee wetu wanakumbuka mambo ya Kawangware, Nairobi. Tarehe 11 Juni 1988, katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, alitokea mtu mrefu mwenye ndevu, amevaa kanzu nyeupe na kilemba. Gazeti la Kenya Times lilichapa habari na picha yake, na watu wakasema ni Yesu. Kule London, Benjamin Creme akasema huyo ndiye Maitreya, mwalimu wa ulimwengu aliyekuwa akimtangaza. Hata tukikubali kwamba picha ile haikuchezewa, ilionyesha tu kwamba mtu alisimama pale. Jina lake halikuwamo ndani ya picha. Lilitiwa na vinywa vya watu.

Siku hizi hata mtu mwenyewe si lazima awepo. Machi 2023 ilienea duniani picha ya hayati Papa Fransisko amevaa koti nene jeupe la baridi. Koti lile hakulivaa: kompyuta iliitunga picha nzima kwa maneno machache iliyoandikiwa. Sauti nayo huigizwa vivyo hivyo.

Hapo awali tuliambiwa tuhesabu vidole, maana mashine ilikuwa ikikosea mikono na maandishi. Tuzidi kutazama, ila mashine zimejifunza, na picha kukosa kasoro si uthibitisho. Njia iliyo imara zaidi ni kuuliza ilikotoka. Nani aliipiga? Wapi, na lini? Vijana wetu waweza kuitia katika Google Lens, waone kama ilikwisha kutokea miaka iliyopita, mahali pengine, kwa habari nyingine. Kisha tutafute mtu aliyekuwapo, au picha ya tukio lile lile iliyopigwa na mwingine, kutoka upande mwingine.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea hesabu. Picha hutufikia asubuhi kutoka kwa shangazi aliye Bomet, adhuhuri kutoka kwa wanakwaya, jioni kutoka kwa jirani, nasi twasema watu watatu wameshuhudia. La! Wote wamepokea kitu kimoja. Ni shahidi yule yule, amepita milango mitatu.

Wala tusirukie upande wa pili, tukasema kila picha ni ya uongo. Mwizi aliyepigwa picha kweli atafurahi sana kusikia hivyo.

Mkulima wa hapa Sosiot hutazama mizani ikiwa tupu kabla majani yake hayajapimwa, na hakuna anayemwita mkorofi. Basi ikija picha ya mzee wa kanisa akiwa mahali pasipomfaa, au ya binti wa jirani katika hali ya aibu, yatupasa uangalifu ule ule, na zaidi. Mathayo 18 yatutaka tumwendee ndugu yetu kwanza, sisi na yeye peke yetu, naye aseme, kabla kikundi cha WhatsApp hakijaiona.